Vidonge Visivyoyeyuka

Zahanati ya Rehema,
Magogoni, Kisauni.
14 Agosti 1961

Kwa Bwana Ngumbao Kahindi,
Steshini ya Reli, Mtito Andei.

Baada ya salamu, naitwa Obeid bin Jamaludin. Mimi ndiye kompaunda wa zahanati hii, mtoa dawa, na mkeo Dhahabu ni mgonjwa wangu wa kifua kikuu tangu mwezi wa Februari. Hatujuani kwa sura, wala si ada yangu kumwandikia mtu habari za nyumbani mwake. Lakini mambo yamefika pabaya, nami nimeona heri uambiwe na mimi kuliko kuambiwa na watu.

Miezi minne ya kwanza mkeo alipata nafuu nzuri. Homa ilimwacha, akaongeza ratili tisa. Tangu mwishoni mwa Juni amerudi nyuma. Kikohozi kimerejea na uzito unapungua kila wiki. Dawa ni ile ile: vidonge sita asubuhi, sita jioni. Huvichukua hapa kila Jumatatu akaenda kuvimeza kwake.

Sasa, tunayo njia ya kumjua anayemeza na asiyemeza. Dawa hii ikishapita mwilini hutoka na mkojo. Ukiutia mkojo huo tone la maji ya chuma tuliyo nayo hapa, hugeuka rangi ya zambarau. Usipogeuka, hapana dawa iliyopita. Wa mkeo nimeupima mara tatu. Haukugeuka hata kidogo.

Nalimuuliza mbele ya benchi la wagonjwa, "Mwanangu, vidonge wavipeleka wapi?" Akainama, akasema, "Nameza, bwana." Nikamwambia mkojo hausemi uongo. Akalia.

Daktari wetu huja kila Alhamisi. Amesema ikifika tarehe 28 Septemba na hali ni hii, jina lake litafutwa na nafasi yake apewe mwingine, maana dawa ni chache na wanaongoja ni wengi. Tumeshawafuta wawili. Muonye mkeo, kwa upole, lakini muonye. Ugonjwa huu ukiachiwa katikati hurudi na nguvu mpya.

Wako katika kheri,
Obeid bin Jamaludin


Mtito Andei
19 Agosti 1961

Mama Mapenzi,

Sitaandika salamu nyingi. Nimeletewa barua na mtoa dawa wa Magogoni. Anasema humezi vidonge. Anasema amekupima mara tatu.

Mimi huku nageuza njia za gari moshi juani, nalala kwenye kibanda cha mabati, kwa ajili ya nani? Mtoto wetu tumempeleka Kaloleni kwa mama asije akaambukizwa. Alikuwa hajafikisha mwaka. Tulisema, "Dhahabu apone, Mapenzi arudi." Tulisema wote wawili, ukumbini, na wewe ulilia na mimi nikalia. Kumbe wewe unatupa dawa.

Mwezi wa Aprili uliniandikia kwamba vidonge vinakuchoma tumbo. Nikakujibu vumilia. Je, hapo ndipo ulipoacha? Niambie ukweli. Mama naye ananiuliza kila mara unaendeleaje, na mimi namwambia vizuri, vizuri. Sasa nimwambieje?

Sikuoa mwongo mimi. Meza dawa.

Ngumbao


Magogoni
27 Agosti 1961

Baba Mapenzi,

Barua yako imefika. Niliisoma nikakaa nayo mapajani mpaka jua likazama.

Nameza. Asubuhi sita, jioni sita, na uji. Muulize Rispa wa chumba cha pili, yeye ndiye hunishikia kikombe siku ambazo mkono hauna nguvu. Aprili vilinichoma kweli, na nikavimeza hivyo hivyo. Siku hizi havinichomi tena. Natamani vingenichoma.

Bwana Obeid alinisema mbele ya watu wote. Sasa nikikaa benchini wenzangu wanasogea. Si kwa ajili ya kikohozi, wote tunakohoa. Wananiona mimi ndiye nilaye nafasi ya mtu bure.

Kuna jambo ninaloliona hapa nyumbani tangu Julai ambalo siwezi kumwambia Bwana Obeid, na wewe pia siwezi kukuandikia. Usiniulize. Ila usiseme mimi ni mwongo. Mengine yote sema.

Mkeo,
Dhahabu


Mtito Andei
2 Septemba 1961

Dhahabu,

Jambo gani hilo usiloweza kumwandikia mumeo? Tangu Julai, tena hapo nyumbani? Nimemsomea mwenzangu wa zamu barua yako, naye akanitazama akanyamaza. Kunyamaza kwake nimekuelewa. Kama kuna mwanamume, sema. Heri nijue.

Ngumbao


Magogoni
9 Septemba 1961

Ngumbao,

Mwanamume! Nina ratili themanini na tatu. Nikisimama mlangoni upepo unanisukuma. Mwanamume gani huyo atakayekuja kunisikiliza nikikohoa?

Basi nitakuandikia, na aibu iwe yangu na yako.

Siku hizi siwezi kwenda choo cha uani alfajiri, miguu inakataa. Natumia ndoo, na naimwaga mwenyewe, sikubali Rispa aishike. Sasa, tangu Julai, ninapoimwaga naviona. Vidonge. Vizima, Ngumbao, vyeupe vile vile, vinang'aa, kama vilivyotoka kwenye bati. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu. Nikavihesabu kwa kijiti. Kumi. Siku ya pili kumi na kimoja. Ninavyovimeza ndivyo ninavyovikuta.

Nikajua tumbo langu limekufa. Nikajisemea, mwili ukishakata tamaa haushiki tena dawa, unaipitisha tu kama mfereji. Shangazi yangu kabla hajafa alikuwa hivyo, kila alichokula kilitoka. Ndiyo sababu sikusema. Nilidhani nikisema, wataniambia nikae nyumbani ningoje siku yangu, na wewe utamwambia mama, na Mapenzi hatarudi tena kwangu hata kunizika.

Kwa hiyo nimekuwa nikimeza nikijua vinapita. Nilimeza ili niwe nimemeza.

Usimwambie Bwana Obeid. Ni mtu mzima, mcha Mungu, nitamtazamaje usoni tukishazungumza habari za ndoo? Nimekuambia wewe kwa sababu ulitaja mwanamume.

Dhahabu


Mtito Andei
14 Septemba 1961

Kwa Mzee Obeid bin Jamaludin,

Shikamoo, mzee. Mimi ni Ngumbao, mume wa Dhahabu. Uliniandikia, nami nikafanya ulivyosema, na nikazidisha.

Mke wangu amenikataza kukwambia haya. Ninakwambia. Utanisamehe lugha, sijui namna ya kuyasema kwa adabu. Vidonge anavyomeza anavikuta asubuhi kwenye haja kubwa, vizima, na maganda yake. Ameviona tangu Julai. Anaamini tumbo lake limekufa, na aliona aibu kukuambia.

Mimi si mtu wa dawa, mzee. Kazi yangu ni vyuma vya reli. Lakini najua kitu kikiingia kizima na kutoka kizima, aliyekipitisha si mwongo. Umesema mkojo hausemi uongo. Sawa. Basi na ndoo haisemi uongo. Tafadhali tazama tena. Imebaki wiki mbili kufika siku ya daktari.

Ni mimi mwanao,
Ngumbao Kahindi


Zahanati ya Rehema
29 Septemba 1961

Mwanangu Ngumbao,

Marahaba. Barua yako naliipata tarehe 18. Nikaisoma mara mbili, ya pili nimesimama. Nitakueleza kila nililolifanya kwa utaratibu, maana mtu aliyeshuhudia vibaya hana budi kushuhudia tena.

Kwanza nalimwita mkeo. Sikumwambia kuwa umeniandikia. Nalimwambia tu, "Leo utameza hapa, mbele yangu." Akameza sita, kimoja kimoja, nikimtazama koo. Akakaa nami kwa muda wa saa nne. Kisha nikampima mkojo. Haukugeuka. Wallahi nikatia tone la pili, kwani nalimwona akimeza kwa macho yangu haya.

Nikakumbuka kuwa bati jipya la vidonge tulilifungua tarehe 19 Juni. Kabatini mlikuwa na vidonge vichache vya bati la zamani, alivyovirudisha mgonjwa aliyehamia Lamu. Nikatwaa bilauri mbili, nikatia maji ya vuguvugu, joto la mwili wa mtu, nikiyapima kwa kipimo cha homa na kuyaongeza moto kila yalipopoa. Bilauri moja kidonge cha zamani, ya pili kidonge kipya. Nikawa naziyumbisha taratibu kama tumbo linavyofanya. Mke wangu Alawiya aliniletea chakula akanikuta hivyo, akauliza kama nimerukwa na akili.

Kile cha zamani, nusu saa haijatimia, ganda likapasuka, maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Nikatia tone la maji ya chuma: zambarau iliyoiva! Kile kipya, nusu saa, hapana kitu. Saa nzima, hapana kitu. Saa ya tatu nikakitoa kwa kijiko. Kigumu kama kokoto. Maji yake nikayatia tone, yakabaki maji.

Nikakitia kinuni nikakiponda, unga wake nikaurudisha katika bilauri. Tone moja, bilauri nzima ikageuka rangi.

Umefahamu, mwanangu? Dawa ilikuwamo, haikuharibika. Ilifungiwa ndani. Ganda walilovivika vidonge safari hii lilizidi kiasi, halifunguki tumboni. Nikachukua vingine sita, vya juu ya bati, vya kati, vya chini kabisa. Vyote ni kokoto. Tumbo la mkeo halikufa. Hakuna tumbo la mwanadamu ambalo lingeviweza.

Tangu siku hiyo nikawa nampondea vidonge vyake mimi mwenyewe na kumpa unga katika uji. Ni mchungu mno, lakini akanywa.

Jana Alhamisi nikaziweka bilauri mezani kwa daktari. Karani wetu wa stoo, Gershom, alinivuta pembeni: "Mzee, bati lina muhuri na tarehe yake haijapita. Ukilisema hili tutaulizwa sisi." Nikamwambia, "Tuulizwe."

Daktari akatazama, akasema, "Obeid, tumbo si bilauri."

"Kweli, Daktari. Basi na tulitazame tumbo."

Nikamwita mkeo na chupa yake ya asubuhi ile. Daktari akatia tone kwa mkono wake mwenyewe. Ikageuka zambarau, ikazidi kuiva tukiitazama. Akaiweka chupa mezani. Kisha akauliza, "Tumewafuta wangapi?"

"Wawili."

"Warudishwe leo."

Mmoja alikuwa karibu. Wa pili, Odhiambo, mpakuzi wa bandarini, alikuwa amekwenda kukaa kwa nduguye Mtongwe. Nalivuka feri mimi mwenyewe kumtafuta. Yu dhaifu sana, lakini yu hai, alhamdulillahi. Bati lile limefungwa na kurejeshwa kwa waliotuuzia pamoja na barua ya daktari.

Nalimwita mkeo mwongo mbele ya benchi. Leo asubuhi, benchi likiwa limejaa, nimesimama nikawaambia wote yaliyotokea, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Yameisha, Mzee." Lakini kwangu bado hayajaisha, nawe pia nakuomba radhi. Nalipaswa kukipima kidonge kabla ya kumpima mtu.

Wako,
Obeid bin Jamaludin


Mtito Andei
4 Oktoba 1961

Mke wangu Dhahabu,

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Mzee Obeid amenieleza yote. Niliisoma nikiwa zamu, nikakaa chini kando ya reli, mwenzangu akadhani nimefiwa. Nikamwambia, hapana, nimefufuliwa mtu.

Nilikuita mwongo, nikakutajia na mwanamume. Maneno hayo siwezi kuyarudisha. Na kuna jingine, heri ulisikie kwangu. Mwezi wa Julai mama aliniandikia habari za binti mmoja wa Ribe. Alisema mke mgonjwa ni mke wa siku mbili. Sikumkubalia. Lakini sikumkatalia, Dhahabu. Nilinyamaza, na wewe huko unahesabu vidonge kwa kijiti. Jana nimemwandikia kumkatalia.

Likizo nimeomba, wamenikatalia mpaka mwakani. Nijibu hata neno moja.

Ngumbao


Mtito Andei
20 Novemba 1961

Mke wangu,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mvua zimesomba tuta la reli, gari halipiti, watu wamelala steshini wiki nzima. Sijui kama ni mafuriko yanayonizuilia barua zako au ni wewe. Mtu yeyote atokaye Mombasa kwa miguu au kwa lori namuuliza kama anaijua Magogoni. Kama unaumwa, mwambie Rispa aandike. Kama umekasirika, andika wewe, nitukane. Nitafurahi.

Ngumbao


Magogoni
3 Desemba 1961

Baba Mapenzi,

Ulisema nikutukane. Nimejaribu, lakini hasira yenyewe imekwisha, umechelewa.

Barua yako ya Oktoba niliipata mapema. Sikujibu kwa makusudi. Nilikuwa na hasira ya mtu anayepona, nayo ni mbaya, kwa sababu ina nguvu. Nilimpangia binti wa Ribe maneno, nikakupangia wewe maneno, nikala uji bakuli mbili, nikalala. Baadaye nikaandika, karatasi tatu, nikampa Rispa aipeleke posta. Na hapo ndipo mvua zikaja. Hiyo barua ikikufikia usiifungue. Nakuomba kwa dhati.

Nina ratili tisini na nne. Homa sijaiona tangu katikati ya Oktoba. Bati jipya limekuja, la watu wengine. Na Mzee Obeid ameanzisha desturi: bati likifunguliwa, anaweka bilauri ya maji ya moto dirishani na kidonge ndani, na hatugawi—nasema "hatugawi" kama mimi ni mfanyakazi wa pale!—hatugawi mpaka kipasuke. Wagonjwa wote tunakitazama. Juzi kilipopasuka Odhiambo akapiga makofi, mama mmoja mtu mzima akapiga kigelegele, na Mzee akajifanya anasafisha miwani.

Kuhusu yale ya kunyamaza kwako, nimeyasikia. Mimi pia nilinyamaza tangu Julai. Tusinyamaze tena.

Umeuliza kama nimekusamehe. Hukuuliza, lakini nimeona unazungukazunguka. Nimekusamehe.

Dhahabu


Magogoni
17 Juni 1962

Mume wangu Ngumbao,

Nakaa chini kukuandikia na mikono yangu inanukia samli, maana nimepika.

Alhamisi daktari aliniita. Makohozi yangu yamepimwa mara tatu katika miezi mitatu, na mara zote tatu hayana kitu. Safi. Dawa nitaendelea nayo mpaka mwakani, lakini siambukizi mtu. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia Mzee Obeid arudie kwa Kiswahili chake cha kale, akarudia, "Huna kitu kifuani, mwanangu, huna kitu," halafu akaingia stoo, akakaa huko kitambo.

Nilipeleka habari Kaloleni. Sikutegemea jibu. Jana saa tatu asubuhi namwona mavyaa anashuka kwenye basi, kitita kichwani, na Mapenzi mgongoni.

Ngumbao, amekuwa mkubwa. Ana meno yote. Ana paji lako la uso. Nilinyoosha mikono, akajificha nyuma ya leso ya bibi yake akauliza, "Hawe, huyu ni nani?" Mavyaa akamwambia, "Ndiye mama yako, ndiye niliyekwambia." Akanitazama kwa muda, akasema, "Sitaki." Nikasema sawa. Nikaenda jikoni kupika.

Aliniangalia nikipika. Akasogea hatua moja, akasimama. Akasogea nyingine. Nikamwonyesha namna ya kuukunja mkate wa maji usikatike, akakunja wake, ukakatika, akacheka. Mpaka adhuhuri alikuwa amekaa mguuni kwangu akila, bado hajaniita kitu, ila mkono wake mmoja ulikuwa umeshika nguo yangu.

Mavyaa hakusema mengi. Unamjua. Hakutaja Ribe wala sikumtajia. Tulikaa mkekani mimi na yeye, nimemwekea chai kwenye kikombe kipya cha maua, changu ni kile cha bati ambacho watu wote wa uwanja huu wanajua ni cha mgonjwa, hakuna akigusaye tangu mwaka jana. Nikainuka kumfuta mtoto pua. Niliporudi, cha maua kilikuwa kitupu, na mavyaa ameshika cha bati, changu, kilichobaki nusu. Nikasema, "Mavyaa, hicho ni changu."

Akasema, "Najua."

Akainywa yote.

Mkeo,
Dhahabu